Usikate hata ubao mmoja kabla hujapima hilo jukwaa mwenyewe

Mdogo wangu, hilo swali la laptopu liweke kando kwanza. Umeuliza ununue laptopu gani, programu gani ya kuchorea, ukae kisiwani Mombasa au ng'ambo Likoni, na mwaka wa kwanza wa usanifu wa jukwaa una kazi nyingi kiasi gani. Halafu hapo katikati ukataja kwa kupita tu kwamba bwana wa ukumbini amekupa fotokopi ya ramani ya jukwaa, "iko moja kwa hamsini" (yaani sentimita moja ya karatasi ni sentimita hamsini za jukwaa), na Jumamosi fundi anaanza kukata mbao za seti yako ya nyumba ya Mji wa Kale. Nimesoma hapo nikasahau mengine yote. Mpigie fundi simu sasa hivi. Mwambie asikate kitu.

Karatasi za aina hiyo nazijua. Pembe imeliwa na mashine ya fotokopi kwa hivyo kile kisanduku cha maelezo hakipo, hakuna urefu ulioandikwa popote, na kando mtu ametia 1:50 kwa kalamu ya wino. Nilipewa kama hiyo nikiwa mwaka wa kwanza, ukumbi mwingine wa zamani hapa hapa Mombasa. Nikamwuliza bwana wa ukumbi ule, ndiye aliyenipa, kama ni sahihi, akanijibu, "Kila mwaka wanafunzi wanatumia hiyo hiyo, wewe nani?" Basi nikachukua rula yangu ya skeli, ile inayosoma vipimo vya kweli moja kwa moja kwenye ramani, nikapima jukwaa ukuta hadi ukuta kwenye karatasi, nikapata mita 7.62. Kina, mita 5.72. Nikachora kwa hesabu hiyo, nikajenga modeli, mwalimu akaipenda, fundi akakata. Siku ya kuingiza seti ndipo tepu ikasema ukweli: upana mita 7.32, kina mita 5.49.

Sentimita 30 zimepotea kwenye upana, 23 kwenye kina. Tafadhali elewa zilikopotelea, kwa sababu naamini na wewe unaelekea huko huko. Kumbi zetu nyingi za zamani zilichorwa enzi za futi na inchi, kabla nchi haijahamia mita. Mchoraji wa wakati huo alikuwa akifanya robo inchi kuwa futi moja. Ukipiga hesabu, hiyo ni 1:48, wala si 1:50. Miaka ikapita, akaja mtu mwenye rula ya mita, akaona vipimo "karibu vinalingana" na 1:50, akaandika 1:50. Karibu! Jukwaa la futi 24 kwenye karatasi hiyo lina inchi 6. Soma hizo inchi 6 kwa rula ya 1:50, utapata futi 25 kamili. Futi nzima imezaliwa kutoka hewani. Na kosa hili ni baya kwa sababu ni dogo. Ramani ingekosea kwa nusu, hata mtoto angeshtuka. Ikikosea kwa asilimia nne, kila kitu kinaonekana sawa mpaka mbao zifike ukumbini.

Seti yangu nayo ilikuwa nyumba ya mawe ya Mji wa Kale: ukuta wa nyuma wa paneli, mlango katikati, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) huku na huku, na baraza mbele. Jukwaa lile halina pembeni za kujificha, ni kuta mbili na nafasi iliyo baina yake. Kwa hivyo nilikuwa nimeacha kinjia mwisho wa ukuta wangu, upande wa kushoto, sentimita 62, waigizaji wapite waingie na kutoka. Paneli zikasimamishwa, zikafungwa, ikabaki sentimita 32. Mama wa hadithi yetu alikuwa aingie amevaa buibui, amebeba sinia la kahawa na vikombe. Alijaribu kupita ubavu. Vikombe vikaenda chini.

Tukakata. Hapakuwa na njia nyingine, mazoezi ya mavazi yalikuwa jioni ile. Fundi alipitisha msumeno kwenye paneli ya mwisho, katikati kabisa ya kidaka ambacho nilikipaka mwenyewe kwa tabaka za chokaa na kahawia hafifu mpaka kikawa na kivuli cha kweli. Msumeno ukala na ule ubao wa mshazari ulio nyuma, ambao kazi yake ni kushika paneli isicheze. Tukapigilia kipande cha ubao wa inchi mbili kwa mbili mahali pake, lakini haikuwa tena paneli ile. Baraza nalo, kwa zile sentimita 23 za kina, lilitokeza nje ya ukingo wa jukwaa, kwa hivyo likapunguzwa mpaka mtu mzima akikaa alionekana ameketi kwenye rafu.

Kisha ukaja usiku wa onyesho. Kuna mahali ambapo baba anamfukuza bintiye na kuufunga mlango kwa nguvu. Ndio moyo wa mchezo wote. Mlango ukafungwa, na nyumba nzima ya mawe ikatetemeka kama shuka kwenye kamba. Watu wakacheka. Yule binti amesimama mbele yao analia, na ukumbi unacheka, kwa sababu ya ukuta wangu. Waigizaji wale walikuwa wamefanya kazi yao. Mpaka leo nikiwakuta natamani kuwaomba radhi.

Na pesa? Plaiwudi haikatiki ikarudi kuwa nzima. Paneli mbili tulizijenga upya kwa maonyesho yaliyobaki, na nikalipa kwa pesa niliyotengewa ya kodi ya nyumba.

Lakini kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Nilikutana na mmoja wa wale walionitangulia chuoni, nikamweleza. Akaniambia bila wasiwasi, "Ah, hiyo ramani? Sisi huwa tunaipunguza kidogo." Huwa mnaipunguza! Mnajua karatasi ni mbovu, mnaiacha kwenye droo ile ile, na mnamtazama mtoto mgeni akiichukua. Bwana wa ukumbi naye anazo funguo, yuko pale kila siku, kutembea na tepu kutoka ukuta huu hadi ule ni kazi ya dakika chache. Hakupima, na bado akaniapia. Mimi simsamehei mtu anayetoa kipimo asichokipima. Afadhali aseme sijui, nitakushukuru na nitapanda jukwaani mwenyewe.

Kwa hivyo sheria yangu ni hiyo moja: hakuna ramani, hata iwe na muhuri wa nani, inayoingia kwenye mchoro wako mpaka umepima jukwaa kwa mkono wako na tepu yako. Ukipewa ramani, pokea kwa heshima, shukuru, kisha nenda kaipime.

Jinsi ya kupima sasa. Chukua tepu ya chuma, ndefu ya kutosha kuvuka jukwaa mara moja. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani iache, huvutika. Tumia tepu moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiweza hiyo hiyo ndiyo apewe fundi. Nenda na mwenzako: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anarudia ile namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Utaona ni mchezo wa watoto mpaka siku utakaposikia "sitini na tatu" mwenzako akaandika thelathini na sita.

Anza kwa mstari wa kati. Pima mdomo wa jukwaa, yaani uwazi wa mbele unaotazama watu, gawa kwa mbili, tia alama. Kutoka hapo vuta uzi wa chaki hadi ukuta wa nyuma, na uhakikishe umesimama pembemraba na ukingo kwa tatu-nne-tano: mita 3 kwenye ukingo wa jukwaa, mita 4 kwenye mstari wako, na mshazari uje mita 5 kamili. Usipokuja 5, mstari umepinda, rudia. Sasa kila kitu kilichomo jukwaani, nguzo, mlango, swichi, kiko umbali gani kutoka mstari wa kati, na umbali gani kutoka ukingo wa mbele? Namba mbili kwa kila kitu, zote zianzie pale pale. Usipime kipande kwa kipande, nguzo hadi mlango, mlango hadi swichi, maana kila mara utakosea milimita kadhaa na mwisho wa safari zitakuwa sentimita. Na usiamini kwamba kuta za jukwaa zinaenda sambamba. Pima upana mbele, pima na nyuma. Kuta za zamani zimepigwa lipu juu ya lipu.

Urefu wa juu watu husahau kabisa, na ramani ya sakafu haikwambii chochote kuhusu huo. Kuna boriti inayopita wapi? Feni inaning'inia hadi wapi? Taa zikishafungwa, chini yake kunabaki nafasi gani? Kisha teremka ukae kiti cha pembeni kabisa safu ya mbele, kulia na kushoto, uandike unaona nini nyuma ya jukwaa. Kaa na safu ya mwisho. Hapo ndipo utajua ukuta wako uwe mrefu kiasi gani. Na milango ya kutokea dharura usiizibe kwa uzuri wowote ule.

Ukimaliza ndani, pima njia. Umesema fundi wako yuko Likoni. Basi seti itatoka kwake, itapakiwa mkokoteni, itapanda feri, itateremka kisiwani na kuingia uani mwa ukumbi. Kila mahali pana upana wake. Paneli ya futi nane kwa nne inapita mlango wa nyuma? Inageuka kwenye ule ujia mwembamba kabla ya ngazi? Mlango unaweza kuwa mpana vizuri lakini kona iliyo mbele yake ikakataa. Pima kona.

Na fundi mwenyewe. Wewe utachora kwa milimita, yeye ataongea futi, kwa sababu mbao dukani ni mbili kwa mbili na tatu kwa mbili, na plaiwudi ni nane kwa nne. Hiyo nane kwa nne kwako ni milimita 2440 kwa 1220. Iandike kwenye mchoro kwa lugha zote mbili, ukae naye, akusomee yeye, si wewe umsomee. Ukijenga modeli fanya 1:25, mita moja iwe sentimita 4, na ukichukua viti na watu wa modeli kwenye mitandao ya Marekani kumbuka wao hutumia nusu inchi kwa futi, yaani 1:24. Ni uongo ule ule wa ramani, umevaa nguo nyingine.

Kwa sababu seti yako ni nyumba ya Mji wa Kale, tepu hiyo hiyo nenda nayo mpaka huko. Omba ruhusa, upime baraza la kweli: linafika goti la mtu au chini yake, na mtu anaegemea wapi. Pima kidaka kimeingia ukutani kiasi gani. Vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya takriban mita 3. Ukichora sebule ya mita 6 kwa 6, kila mtu aliyelelewa Kibokoni, mle mle Mji wa Kale, atajua hiyo si nyumba ya kwao, hata kama hataweza kukwambia kwa nini. Katika mchezo wangu hilo nililipata sawa, na wazee waliniambia. Ndiyo maana ule ukuta kutetemeka uliniuma vile.

Darasani watakufundisha Appia na Craig na Svoboda, wasanifu wakubwa wa jukwaa wa Ulaya. Wasome kwa moyo wote, ndio walioonyesha dunia kwamba jukwaa ni nafasi na mwanga, si picha iliyotundikwa nyuma ya waigizaji. Lakini nafasi ndiyo hiyo hiyo ninayokwambia uipime.

Laptopu, yoyote inayofungua SketchUp, programu ya kuchorea, bila kukwama. Toleo la bure linafanya kazi kwenye kivinjari, na AutoCAD, programu nyingine ya kuchorea, hutolewa bure kwa mwanafunzi aliyethibitishwa. Usikope pesa kwa ajili ya hiyo.

Kesho asubuhi, kabla ukumbi haujajaa, mwombe bwana akufungulie, nenda na mwenzako na tepu. Anza na upana wa ukuta hadi ukuta, kisha pima umbali ule ule kwenye fotokopi yako kwa rula ya kawaida, milimita ngapi. Niandikie namba zote mbili hapa. Tukigawa moja kwa nyingine tutajua kama karatasi yako ni 1:50 au 1:48, au mashine imeivuta ikawa kitu kingine kabisa, na hapo ndipo umpigie fundi simu ya pili.