Kabla ya kusaini mradi wa dawa za asili za Kichina

Wadogo zangu mnaosomea famasia China mnaniuliza sana ufadhili unapatikanaje. Nimeshaandika maombi ya fedha pamoja na wenzangu wa maabara za huko, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hamjagusa bajeti, andikeni nani atamiliki kitakachopatikana.

Tazameni artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea. Mei 23, 1967, China ilianzisha Mradi wa 523 kutafuta dawa ya malaria, ukaunganisha watafiti zaidi ya 500 kutoka taasisi zipatazo 60. Kule Beijing, mtafiti wa dawa Tu Youyou alisoma maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeelekeza mmea wa qinghao, jamaa ya pakanga, ulowekwe majini kisha ukamuliwe. Ge Hong hakutaja kuchemsha. Tu akahisi kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 dawa waliyoikamua ikamaliza vimelea kwa panya. Mimi naona huu ndio ushirikiano wa taasisi uliozaa matunda makubwa kuliko wote katika fani yetu. Lakini matokeo yalichapishwa 1977 bila hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwani China ilitunga sheria ya hataza 1984 tu. Leo nyinyi mna sheria hiyo, kwa hiyo msiache kipengele cha umiliki "kitajadiliwa baadaye".

Jambo la pili la kupigania ni fedha za kutambua mmea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza mwili waliharibikiwa figo. Badala ya mmea wa dawa wa Kichina Stephania tetrandra, ndani ya vidonge iliingia Aristolochia fangchi, yenye sumu. Basi mlipeni mtaalamu wa mimea tangu siku ya kwanza. Kila shehena iwe na tawi lake lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, likiwa na majani na maua, pamoja na mahali lilipochumwa, tarehe, jina la mchumaji na namba. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye kila chupa ya maabara. Mfadhili akitaka kupunguza fedha, mwambieni apunguze safari za mikutano.

Anayepeleka mimea kutoka Tanzania aanze na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na mkataba wa kuhamisha sampuli, unaotaja hata unga utakaobaki utarudishwa au utateketezwa, na kwa gharama ya nani.