Maswali ya Wasomaji: Kuzipata na Kuzipima Riwaya za Waandishi Wanaojichapishia

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu jambo moja: namna ya kuzipata riwaya mpya, hasa za kihistoria, zinazoandikwa na watu wanaojichapishia vitabu vyao wenyewe, na namna ya kujua ipi inastahili fedha ya msomaji. Maswali yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Shikamoo. Ninaishi Ujiji na ninapenda sana riwaya, lakini maduka ya vitabu ya mjini Kigoma yanauza zaidi vitabu vya kiada, madaftari na vitabu vya dini. Riwaya mpya nizitafute wapi?
*Msomaji, Ujiji*

Marahaba. Tusimlaumu sana mwenye duka. Kitabu cha kiada kina mnunuzi wa uhakika kila shule zinapofunguliwa, ilhali riwaya ya mwandishi asiyejulikana inaweza kukaa rafuni muda mrefu huku mtaji umelala. Mwandishi anayejichapishia analijua hilo, ndiyo maana mara nyingi hapeleki kitabu dukani kabisa, bali huchapisha nakala chache na kuziuza kwa mkono wake. Kwa hiyo usitafute duka, mtafute mwandishi.

Wengi wao huanza kwa kutoa simulizi zao sura baada ya sura kwenye Facebook, Instagram au makundi ya WhatsApp, kisha hukata pale hadithi inapopamba moto na kuweka namba ya simu ya kuagizia kitabu kizima. Mtindo huu si mgeni, kwa sababu magazeti yetu yamechapa hadithi za kuendelea kwa miaka mingi, na msomaji amezoea kusubiri. Wapo pia waliojiunga pamoja, kama wale wa UWARIDI, yaani Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, na ukimpata mmoja wao atakuelekeza kwa wenzake. Ukishaagiza, unalipa kwa simu na kitabu kinakujia kama kifurushi cha basi hadi stendi. Kabla ya kulipa, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mwandishi au la mtu aliyekutajia, na baada ya kulipa omba picha ya risiti ya kifurushi.

Njia ya pili ni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Tuzo nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal, hupokea miswada na vitabu vya Kiswahili kutoka nchi mbalimbali. Mimi humtazama mshindi, lakini huisoma kwa makini zaidi orodha ya waliofika karibu na mwisho wakakosa, kwa sababu mshindi atapata wa kumchapisha, na hao wengine huenda wakalazimika kujichapishia. Andika majina yao kwenye daftari, uyatafute baada ya mwaka mmoja au miwili.

Usiisahau maktaba ya mkoa. Mkutubi akisikia jina la kitabu hichohicho kutoka kwa watu kadhaa, anakuwa na hoja ya kukiombea.

Mume wangu anasema kitabu ambacho hakikutolewa na kampuni kubwa ni kitabu kilichokataliwa. Je, anasema kweli? Na namba ya ISBN, je, ni dalili ya ubora?
*Mama, Kasulu*

Mwambie baba watoto kwamba mkoa wake mwenyewe unampinga. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008 na mmoja wa waandishi waliosomwa sana nchini, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, na kupitia hiyo akavifikisha vitabu vyake kwa wasomaji. Na kukataliwa au kucheleweshwa si ushahidi wa ubovu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliikamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka 35 mswada ulisubiri, na leo hakuna anayeizungumzia historia ya riwaya ya Kiswahili akaupita. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya nene ya kihistoria isiyokuwemo katika orodha ya vitabu vya shuleni huwatia hofu hata kama wameipenda.

Hata hivyo, mume wako ameligusa jambo la kweli kwa mbali. Kampuni humpa mwandishi mhariri, na anayejichapishia huenda hakumlipa mhariri yeyote, bali alimpa rafiki asome, rafiki naye akasifu. Kazi ya mhariri basi inamwangukia msomaji. Usisome maneno ya sifa yaliyo nyuma ya jalada, ambayo mara nyingi mwandishi huyaandika mwenyewe. Soma ukurasa wa kwanza, halafu fungua katikati usome kurasa mbili, kwa kuwa ukurasa wa kwanza kila mtu huusafisha na wa katikati ndio unaoonyesha kazi halisi. Angalia kama wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja, kama mwandishi anakwambia fulani ni mkatili badala ya kukuonyesha alichokitenda, na kama jina la shangazi wa sura ya pili limebadilika katika sura ya tisa. Makosa ya chapa mawili matatu nayasamehe. Shangazi mwenye majina mawili simsamehe.

Kuhusu namba ya ISBN, ambayo nayo umeiulizia, hutolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba, na vitabu vingi vya Tanzania hubeba tarakimu 9976 au 9987 baada ya 978. Namba hiyo inamsaidia muuza vitabu na mkutubi kukitambua kitabu. Haisemi lolote juu ya uzuri wake.

Ninafundisha historia sekondari. Nimeletewa riwaya mbili za kihistoria zinazohusu Unyamwezi na Ujiji, na zote zinadai kutokana na utafiti. Nitajuaje kama dai hilo ni la kweli?
*Mwalimu, Nzega*

Mwalimu, swali lako nimelifurahia kuliko yote, na hapa msomaji wa Tabora au Kigoma ana nguvu kuliko mhakiki wa mjini, kwa sababu nchi inayosimuliwa anaikanyaga kila siku.

Anza na miaka. Mtemi Mirambo alifariki Desemba 1884, kabla Wajerumani hawajafika Tabora, kwa hiyo riwaya inayompambanisha na jeshi la Wajerumani imemchanganya na mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana nao hadi Januari 1893 na kujilipua ndani ya ngome yake wasimkamate akiwa hai. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mhusika anayepanda treni Tabora kwenda Mwanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza amepanda treni isiyokuwapo. Meli ya Ziwa Tanganyika tunayoiita Liemba iliundwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na jina la Liemba ikalipata mwaka 1927. Askari wa mwaka 1915 anayemwandikia mkewe kwamba yumo ndani ya Liemba ametabiri.

Baada ya miaka, tazama fedha na mizigo, kwa maana huko ndiko uvivu unakojificha. Katika riwaya ya misafara ya karne ya 19, watu hawalipani shilingi. Wanalipana vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, na msafara unatoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi ili upite. Wakati wa Wajerumani kuna rupia na heller, na mwaka 1916, Tabora ilipokuwa makao ya serikali yao wakati wa vita, zilitengenezwa hapohapo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba ya mwaka huo. Mwandishi anayeijua sarafu ile na asiitumie kujionyesha, bali akaiweka kiganjani mwa mhusika mwenye njaa asiyeweza kununulia kitu, huyo ninamwamini.

Kipimo kigumu zaidi kinahusu watu. Wapo waandishi wanaowachora wapagazi wote wa misafara kama watumwa waliofungwa minyororo. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na ukatili wake haupaswi kupunguzwa, lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira, waliojivunia safari ya pwani, na ambao waliweza kutua mizigo wakagoma. Riwaya inayowanyima akili ya kupatana na kukataa imekosea zaidi ya ile iliyokosea mwaka wa reli. Vivyo hivyo kwa mwaka 1871. Kama sura ya Ujiji inamhusu Stanley na Livingstone peke yao, na wenyeji wapo ili kubeba na kushangaa tu, basi mwandishi amesoma kitabu kimoja, tena cha Stanley.

Kwa hizo mbili ulizonazo, tafuta mwishoni au mwanzoni kama mwandishi ameeleza nini ni historia na nini amekibuni. Riwaya ina haki ya kubuni, na sitaki uidai kama unavyomdai mwanafunzi insha ya mtihani. Lakini mwandishi mwaminifu anajua mahali alipobuni na haoni aibu kukutajia. Kama ukurasa huo haupo, na kitabu kina namba ya simu yake, mpigie. Hiyo ndiyo faida ya kununua kwa mtu badala ya kampuni.

Kwenye kundi letu la WhatsApp tunatumiana PDF za riwaya bure. Je, ni vibaya?
*Kijana, Urambo*

Ndiyo, isipokuwa mwandishi mwenyewe ameitoa bure. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi mkubwa atapata hasara ndogo, lakini anayejichapishia anategemea fedha ya nakala hizi kulipia nakala zijazo. Kama fedha ni kikwazo, changeni wanne, mnunue nakala moja ya karatasi, mpokezane. Hilo ni halali.

Tumeanzisha kikundi cha usomaji hapa Tabora mjini. Tunataka riwaya za kihistoria zinazohusu kwetu, lakini ni chache. Tufanyeje? Wengine wetu tunasoma pia Kiingereza.
*Kikundi cha wasomaji, Tabora*

Ni chache kweli, nami sitawapa orodha ya kubuni. Nawashauri msome kwa jozi, riwaya moja na maandishi ya kale ya zama zilezile. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara wa karne ya 19, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili mwenyewe, na Tabora na Ujiji zimo. Kayasimulia kwa upande wake, bila shaka, na ndiyo maana yanafaa kujadiliwa na watu wazima. Kwa upande wa riwaya, anzeni na *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Si ya mwandishi anayejichapishia, lakini ina msafara wa bara na vita vinavyokaribia, na itawapa kiwango cha kuwapimia wengine.

Halafu mtafute kwa mada badala ya jina. Waulizeni waandishi mnaowafuatilia kama wana mswada juu ya mkutano wa TANU wa Tabora wa mwaka 1958, ulioamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu (kila mpigakura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), au juu ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliojenga maisha Ulyankulu. Hiyo ya pili ningeinunua kabla haijakauka wino. Watoto na wajukuu wa Ulyankulu wapo, wanaandika, na wengine wanaandika mitandaoni bila hata kujua kwamba wanachokiandika ni riwaya.

Kwa Kiingereza, Historical Novel Society, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, huhakiki riwaya za kihistoria zikiwemo za wanaojichapishia, na katika tovuti kama Smashwords unaweza kusoma kipande cha mwanzo kabla ya kulipa. Mkikuta humo riwaya juu ya Afrika Mashariki, ipelekeni kwenye vipimo vilevile nilivyompa mwalimu wa Nzega.

Na kila mnapomaliza kitabu cha mwandishi anayejichapishia, mtumieni orodha ya makosa mliyoyaona, pamoja na ukurasa wake, kwa faragha na kwa heshima, kisha muyatangaze hadharani yale mliyoyapenda. Kwa kuwa huchapisha kwa awamu ndogondogo, orodha yenu ikimfikia kabla ya awamu inayofuata, Liemba inaweza kurudishiwa jina lake la 1915.