Mtoto akiwa kwenye tiba ya wasiwasi, mzazi ufanye nini: niliyopitia na binti yangu

Dada uliyeuliza jana usiku, nimesoma swali lako nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka juzi. Mwanao ana miaka 10, ana wiki tatu tangu aanze kwenda kwa mwanasaikolojia kwa ajili ya wasiwasi, akitoka hasemi kitu, baba yake anaona hela inapotea, na wewe hujui umsaidieje. Mimi si mtaalamu, ni mama tu, kwa hiyo nitakueleza yaliyotukuta sisi.

Wangu alikuwa na miaka 9. Nililazwa siku nne kwa upasuaji, na niliporudi akawa haniachii. Jumapili jioni tumbo linaanza kuuma, Jumatatu anatapika kabla gari la shule halijafika. Tulimpima malaria mara tatu, choo, mkojo, hakuna kitu. (Vipimo fanya kwanza jamani, si kila tumbo ni wasiwasi.) Usiku swali ni lile lile: "Mama, kesho utarudi?" Nikisema ndiyo, anauliza tena. Kuna usiku nilihesabu mara 17.

Kuhusu kutosema, mwache. Mimi mlango ulikuwa ukifunguka tu nauliza, "Mmeongea nini?" Naye, "Hakuna." Mtaalamu akanieleza kwamba kile chumba ni cha mtoto. Mimi nitaambiwa yanayohusu usalama wake, kama kuna mtu anamdhuru au anawaza kujidhuru, mengine atayasema mwenyewe akitaka. Tangu siku hiyo tukitoka tunakaa kwa muuza mihogo pale nje, tunakula na kachumbari, siulizi. Wiki ya tano hivi, mdomo umejaa muhogo, akaniambia: "Mama, kumbe moyo ukienda mbio haimaanishi unataka kusimama." Nikaitikia "eeh?" tu, akaendelea mwenyewe mpaka mihogo ikapoa.

Ila kilichotusaidia zaidi ni mimi kubadilika. Nilikuwa nabomoa nyumbani kila kinachojengwa kule, tena kwa mapenzi kabisa. Akiogopa kulala peke yake, nalala naye. Akiogopa kubaki na dada wa kazi, naghairi safari. Akiuliza mara 17, najibu mara 17. Kila nilipomwondolea hofu alipata nafuu ya dakika tano, halafu akazidi kuamini kwamba bila mama hawezi. Mtaalamu alinitajia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa 2020. Watoto 124 wenye wasiwasi waligawanywa: kundi moja watoto wenyewe walipewa tiba, kundi la pili walifundishwa wazazi peke yao namna ya kuacha kumkwepesha mtoto na hofu zake. Watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu sawa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza hilo.

Jibu la lile swali la usiku likawa moja: "Najua unaogopa, na najua utaweza." Halafu nanyamaza. Wiki ya kwanza alilia sana, na mimi nililia chumbani kwangu.

Pia yeye na mtaalamu wake walichora ngazi ya hofu nyuma ya daftari, kila kidato (daraja la ngazi) ni zoezi moja, kuanzia jepesi. Kidato cha chini kabisa: mama aende dukani kwa Mangi dakika kumi, simu aiache nyumbani. Cha juu kabisa: kulala kwa bibi Morogoro siku mbili bila mimi. Kila kidato anakipa namba ya hofu, 0 mpaka 10. Ile siku ya kwanza ya dukani alisema 9. Nilisimama kwa Mangi nikiangalia saa yake ya ukutani, dakika ya sita nikashindwa, nikarudi. Nikamkuta getini amejikunyata. Mtaalamu hakunilaumu, ila alinieleza kitu ambacho sijakisahau: hofu hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe, na mtoto anatakiwa aione ikishuka. Mimi nilirudi ikiwa bado kileleni. Tukarudia kesho yake. Nilipofika aliniambia, "Ilikuwa 9, sasa hivi 4." Alisema kama anatangaza matokeo ya mpira.

Usimrukishe vidato hata akiwa na siku nzuri. Na msifu kwa kujaribu, hata kama alijaribu huku analia.

Shuleni niliongea na mwalimu wa darasa. Tulikubaliana tumbo likiuma apumzike dakika kumi palepale shuleni, asirudishwe nyumbani, na asichapwe wala kuitwa mwoga mbele ya wenzake. Bibi yake alisema tumepeleka deko hospitali, akataka tumwombee. Nikamwambia mama, omba, tena omba sana, na kliniki tunaendelea. Sasa hivi yeye ndiye anayeuliza tumefika kidato cha ngapi.

Baba watoto wangu naye alikuwa kama wako. Yeye anapenda namba, nikampa namba. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2008, ulihusisha watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, karibu 60 katika kila 100 waliopata tiba ya mazungumzo walikuwa wameboreka sana, na waliochanganya mazungumzo na dawa walifika kama 80. Kwa hiyo wiki tatu bado ni mapema mno kusema hela inapotea. Na siku ukiambiwa habari ya dawa usikimbie, muulize daktari maswali yako yote. Wangu hakuhitaji, lakini wapo wanaohitaji. Mwite mwenzako aende kikao kimoja, hata mara moja tu. Wangu alipomsikia mtoto akieleza ngazi yake kwa mdomo wake, hakuuliza tena habari ya hela.

Wiki hii ukienda, omba dakika kumi za mwisho wa kikao uongee na mtaalamu, mwanao akiwepo. Muulize: wiki hii anafanyia mazoezi kitu gani, na mimi niache kufanya nini? Andika majibu, ubandike jikoni. Halafu rudi hapa utuambie kidato chake cha kwanza ni kipi.