Vita vya Kagera: Sokoine au Musuguri?

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha sita, Muleba. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Wengi wanasema vita vya Kagera alivishinda Mwalimu Nyerere peke yake, mmoja anashikilia kwamba ni Jenerali Musuguri, na mimi nasema ni Sokoine, ila hoja zangu ni chache. Nani hasa alikuwa mkono wa kulia wa Rais?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipovuka Mto Kagera kwa miguu mwishoni mwa Oktoba 1978, mimi, mama na ndama mmoja. Siku chache baadaye jeshi la Idi Amin, Rais wa Uganda, lililokuwa limetuvamia, likalilipua daraja la Kyaka. Kwa hiyo jambo hili nililiishi kabla sijalifundisha darasani kwa miaka thelathini na moja.

Novemba 2 Mwalimu alilihutubia taifa: uwezo wa kumpiga, sababu na nia, vyote tunavyo. Sababu na nia zilikuwepo kweli. Uwezo ulibidi ukatafutwe, na hapo ndipo utakapompata Sokoine wako.

Jeshi letu lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Kabla vita havijaisha walizidi 150,000, karibu 40,000 kati yao wakiwa mgambo. Hao wote wale, wavae buti, wapate risasi, wasafirishwe kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine kwenye matope ya masika na vuli. Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliwabana wakuu wa mikoa walete watu na vyakula, na magari ya watu binafsi yakachukuliwa. Lori la baba mdogo, la kubebea kahawa, lilichukuliwa pamoja na yeye mwenyewe kama dereva. Kawawa, Simba wa Vita, alikuwa Waziri wa Ulinzi, na Jenerali Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi. Wote walikuwa watu ambao Mwalimu aliwajua kwa miaka mingi.

Lakini huyo mwenzako wa Musuguri usimbeze. David Musuguri alizaliwa Butiama, kijiji kimoja na Mwalimu, na alianza uaskari katika jeshi la mkoloni, King's African Rifles. Divisheni ya 20 iliyoingia Uganda iliongozwa kwanza na Tumainiel Kiwelu, kisha ikakabidhiwa kwake. Kipimo chake kilikuja Lukaya, mji ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Machi 10, 1979. Walibya waliotumwa na Gaddafi, kiongozi wa Libya, kumsaidia Amin walikuja na makombora, na brigedi yetu ya 201, iliyojaa mgambo, ikatawanyika usiku. Kamanda mwingine angerudi nyuma hadi Masaka. Musuguri aliigeuza brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa imeshakwenda mbali kaskazini, ikawaangukia Walibya ubavuni kesho yake. Mimi naamini njia ya Kampala ilifunguka siku ile.

Na Mwalimu mwenyewe? Hapa wengi hukosea. Hakuwafundisha makamanda namna ya kupigana, ila aliwawekea mipaka. Askari walipoibomoa Masaka kulipiza kisasi cha yaliyofanyika kwetu, alisikitika sana na kuagiza raia na mali zao wasiguswe. Sisi tuliochomewa nyumba wakati ule hatukumwelewa. Leo namshukuru. Kampala ilipokaribia kuanguka, Aprili 11, aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Hakutaka kumwaibisha Gaddafi hata baada ya vitisho vyake. Hesabu ya namna hiyo ni ya Rais, haiwezi kuwa ya jenerali.

Upande uliomsumbua zaidi ni wa marafiki Waganda. Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alikuwa mgeni wake Dar es Salaam tangu 1971. Tito Okello na Oyite-Ojok walikuwa na wapiganaji wao, Museveni naye na wake, na hawakuaminiana. Mkutano wa Waganda hao huko Moshi, Machi 1979, ulimchagua Yusuf Lule aongoze serikali mpya, na Obote alishawishiwa asihudhurie. Lule alidumu madarakani siku 68. Kwa makamanda wake Mwalimu alijua nani anafaa wapi, lakini kwa Waganda alichagua katika waliokuwepo, na Uganda iliendelea kumwaga damu kwa miaka. Nasema hivi nikiwa nampenda.

Kwa hiyo nenda kijiweni na hili: bila Sokoine, Musuguri asingekuwa na askari wa kugeuza pale Lukaya.

SWALI: Bibi, ni kweli makamanda walikuwa na majina ya porini?

JIBU: Kweli kabisa. Marwa alikuwa Kambale, John Walden aliitwa Black Mamba, na Silas Mayunga, aliyeongoza upande wa magharibi kupitia Mbarara, alikuwa Mti Mkavu. Baba mdogo alimbebea Mayunga risasi. Lori lilirudi nyumbani bila kioo cha mbele, na ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: MTI MKAVU. Alilipaka rangi mpya mara mbili kabla halijafa, na mara zote mbili aliyazunguka maandishi yale.