Mahafali na kufunga mwaka: kwa mwalimu mgeni aliyepangiwa Mtwara au Lindi

Ukiripoti shule ya huku Kusini, iwe Tandahimba, Nanyumbu, Liwale au Ruangwa, usishangae ukipewa ukatibu wa kamati ya mahafali kabla hujaijua vizuri hata njia ya kwenda sokoni. Mgeni ndiye hupewa. Wenyeji wameshaibeba kazi hiyo miaka mingi na wamechoka nayo. Ukikabidhiwa, acha kwanza habari za mgeni rasmi na muziki. Uliza korosho zimefika wapi.

Tarehe za mitihani hazikuhusu kuzipanga. Darasa la saba wanafanya Septemba, kidato cha nne Novemba, na upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili unaingia humohumo kwenye Oktoba na Novemba. Hayo ni ya Baraza la Mitihani. Tarehe ya mahafali ndiyo iko mikononi mwenu, na mara nyingi naona kamati inaipanga kwa kuangalia kalenda ya ukutani tu. Sasa mwangalie mzazi. Kuanzia Mei mpaka Agosti yuko kwenye kupulizia mikorosho, na kila shilingi inaishia kwenye gharama za shamba na kumlipa mwenye mashine ya kupulizia. Septemba na Oktoba korosho zinadondoka, na kaya nzima, bibi kwa mjukuu, iko chini ya miti inaokota na kutenganisha korosho na mabibo, yaani yale matunda yake. Mzigo unapelekwa chama cha msingi cha ushirika, unaingia ghalani, unasubiri mnada. Minada huanza Oktoba hivi, na pesa inaingia benki baadaye, si siku ileile. Ndiyo stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007, na usipouelewa hutaelewa kwa nini mzazi mwenye magunia ghalani anakwambia hana hata elfu mbili. Hakudanganyi.

Kwa hiyo mahafali ya Agosti yanamkuta mfuko mtupu, na ya Oktoba yanamkuta shambani. Hakuna tarehe nzuri kabisa, ipo tu isiyoumiza sana. Kwa darasa la saba mimi napenda siku chache baada ya mtihani, watoto wakiwa hawajatawanyika, tena iwe nusu siku. Wengi huokota asubuhi, basi waite saa saba mchana, wala usiwaite saa tatu halafu ukalalamika kuwa wazazi wa huku hawana mwamko. Epuka Ijumaa. Angalia Maulidi isije ikaangukia wiki hiyo. Na umuulize mwenyekiti wa kijiji kama kuna mnada au malipo siku za karibu, kwa sababu siku ya malipo wanaume wote wako kwenye foleni ya benki Newala au Masasi, na wewe utahutubia viti.

Mchango. Hapa tembea kama unavuka mto usioujua. Tangu Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne ni bila ada, na Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango mashuleni kwa maneno makali. Tangu hapo macho ni mengi. Mzazi anaweza kuchanga kwa hiari yake, lakini wewe mwalimu usiishike hiyo pesa hata kwa dakika tano. Kikao cha wazazi kiamue kiwango, muhtasari uandikwe na usainiwe, mweka hazina awe mzazi, na mwalimu mkuu awe amepata baraka za mamlaka inayohusika kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa. Na mtoto ambaye kwao hawakutoa kitu asiachwe nje ya mstari, asinyimwe sahani, asinyimwe cheti. Wala jina lake lisisomwe popote. Nimeona orodha ya "waliolipa" imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule moja. Kufika jioni mwalimu mkuu alikuwa anajieleza kwa Afisa Elimu Kata.

Halafu kuna haya majoho. Yamekuja kwa kasi, sasa hata chekechea wanataka kofia yenye kishada. Atakuja mtu na pikipiki na sampuli, atakuonyesha picha za shule za mjini, atakwambia bei ni ndogo. Zidisha ile bei kwa idadi ya watoto, halafu linganisha na bei ya madaftari. Sare safi iliyopigwa pasi inatosha, na mtoto anaonekana vilevile kwenye picha. Wenzangu wengine hawakubaliani nami katika hili, wanasema mtoto wa Nanyumbu naye ana haki ya kuvaa joho. Sawa, lakini joho linarudishwa jioni ileile, daftari linabaki.

Maji ndiyo jambo ambalo wageni hawaliwazii kabisa, hasa waliotoka kandokando ya ziwa. Ukiwa juu kwenye uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na vijiji vinavyozunguka, maji ni shida ya kudumu. Watu wanakinga mvua kwenye visima vya saruji, na mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kufika Oktoba vile visima vimekauka, na ndoo inauzwa. Pilau la watu mia tatu linahitaji maji ya kuoshea mchele, ya kupikia, ya kunawa, ya kuosha sahani, ya kunywa, na ya vyoo, ambavyo siku hiyo vitatumiwa na watu wasiovizoea. Agiza mapema, uliza nani ana kisima chenye maji bado, panga bei kabla. Usitoe tangazo la kila mtoto aje na dumu. Litajazwa, ndiyo, lakini limetoka kwenye maji ya kupikia ya nyumba ile. Na kama bajeti haifiki, punguza chakula badala ya kukazana. Muhogo wa kuchemsha, ming'oko (vile viazi pori vya huku), korosho za kukaanga na soda moja kwa kila mtoto ni sherehe tosha. Kivuli usikikodi. Hakuna turubai linaloshinda mwembe mkubwa wa Oktoba, na karibu kila shule huku inao.

Siku yenyewe ikifika, utaona ratiba uliyochapa haina nguvu. Mgeni rasmi aliyeahidi saa saba atafika saa nane na nusu. Weka mtoto wa kukimbia na habari kule barabarani, na usiwapange wahitimu juani kumsubiri. Wape uji au chai kwanza. Dua na sala zote mbili ziwepo: pwani ya Lindi, Kilwa na Mikindani wengi ni Waislamu, ukipanda Masasi na Ndanda Wakristo ni wengi, na karibu kila darasa lina wote. Sheikh dakika mbili, padri au mwinjilisti dakika mbili. Risala waandike watoto wenyewe, wewe nyoosha lugha tu. Ondoa ile orodha ndefu ya changamoto, maana kiongozi akisomewa matatizo kumi na mawili anajibu kwa jumla kuwa "serikali sikivu imesikia". Mwombeni kitu kimoja chenye hesabu: matundu manne ya vyoo vya wasichana, msingi umeshachimbwa na wazazi, inahitajika mifuko kadhaa ya saruji. Hapo anabanwa atoe jibu, na wanakijiji wote wamelisikia. Chama cha msingi nacho kiandikieni barua, na mwenyekiti wake akae meza kuu. Msimu huu yeye ana uzito kuliko wengi mnaowapigia simu mjini.

Burudani ni tamu kuliko yote na ina mitego yake. Watoto wa huku wanacheza. Sindimba ikianza, hata mwalimu wa hesabu asiyecheka mwaka mzima atatikisika. Lakini ngoma nyingine zina mahali pake. Nyimbo za unyago zina maneno yasiyoimbwa mchana mbele ya wanaume na watoto wadogo, na watoto wa darasa la sita wanaweza kukuletea wimbo mzuri wa kuvutia ambao wewe hujui unasema nini. Muite mama mtu mzima wa kijiji, ikiwezekana kungwi, yaani anayewafunda wasichana unyagoni, akae kwenye mazoezi mara moja asikilize. Akicheka sana na kujifunika khanga usoni, badilisha wimbo. Mapiko, zile ngoma za vinyago vya Kimakonde, zina heshima zake pia. Aliye ndani ya kinyago haulizwi jina na havuliwi kinyago ili watoto "wajifunze utamaduni". Ukitaka wacheze shuleni, nenda kwa wazee ukaombe. Wakikataa, shukuru uondoke.

Sasa shada. Baada ya vyeti, utaratibu wetu ni ndugu kupanda mbele na kumtunza mhitimu wao. Shangazi anakuja na shada la pipi na biskuti zilizofungwa kwa uzi, mjomba anabandika noti kwenye kifua, mama anatandika kitenge chini mtoto apite, vigelegele juu. Mtoto mmoja atavishwa mashada mpaka pua isionekane. Mtazame wa pembeni yake. Bibi yake yuko shambani, mama yuko Dar es Salaam anafanya kazi za ndani, na yeye amesimama mikono ameikaza kwenye mapaja anaangalia mlingoti wa bendera. Utamkuta katika kila mahafali, na si mmoja. Dawa yake ni rahisi: walimu na kamati mtengeneze mashada ya maua ya karatasi, idadi sawa na wahitimu, na shule ianze kumvisha kila mtoto kabla ya ndugu kuitwa. Rangi moja, kwa majina ya orodha. Ndugu wakija baadaye na ya kwao, waje, lakini hakuna shingo tupu. Wapange pia walimu wawili au watatu wenye sauti za vigelegele, wajue majina ya wale wasio na mtu. Kazi hiyo inagharimu karatasi, gundi na jioni moja.

Funga saa kumi jioni. Muziki ukizimwa, uzimwe kweli, na mwenye spika alipwe akishapakia vyombo vyake, siyo kabla. Mtu atakuja kukushawishi kuwa vijana wanataka disko kidogo la kuagana. Kataa. Msimu wa korosho kijijini kuna pesa, kuna wanunuzi wageni, kuna bodaboda na kuna gongo ya mabibo, na binti wa miaka 14 aliyemaliza mtihani juzi watu wanamwona ameshakuwa mkubwa. Watoto waondoke kwa makundi ya vitongoji, kila kundi na mtu mzima mwenye jina kwenye karatasi yako.

Kabla hawajaondoka, kuna kazi ambayo kwangu ndiyo sababu hasa ya kuitisha siku hiyo. Ni siku pekee ambayo wazazi wengi wa wahitimu wamekanyaga shuleni. Weka meza mbili chini ya mti, mwalimu na daftari: jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi, namba ya jirani, kitongoji, na atakaa kwa nani mpaka Januari. Matokeo ya darasa la saba huja mwishoni mwa Oktoba au Novemba, uchaguzi wa kidato cha kwanza hutangazwa na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) kwenye Desemba, na mtoto anatakiwa kuripoti Januari. Wengi wanaopotea katikati hapo wamefaulu vizuri tu. Kwao hawakupata habari, au walipata pesa imekwisha. Ndiyo maana orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza, yaani sare, viatu, madaftari, godoro kama ni bweni, inabidi mzazi awe nayo mkononi kabla malipo ya mnada hayajaingia. Malipo yakishaingia, wauza pikipiki, mabati na televisheni wameshafika kijijini kabla yako.

Kwa wanaobaki shuleni, wiki za mwisho zinaenda haraka: ripoti, vitabu virudi, madawati yahesabiwe, mwalimu wa zamu akabidhi. Ila kaa chini mapema na wazee, ngariba na makungwi. Jando na unyago sasa vinafanyika zaidi likizo za Juni na Desemba, na kila mwaka kuna watoto wanaochukuliwa wiki moja au mbili kabla ya shule kufungwa. Usiende kuwakemea. Nenda Oktoba na tarehe ya kufunga na ya kufungua, waeleze ni lini upimaji wa darasa la nne, waombe wapange ndani ya hapo. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu na wao wana wajukuu darasani. Waulize pia watoto watatoka lini, maana wanaotoka wiki ya pili ya Januari wanarudi wakati wenzao wameshapangwa mikondo.

Na wewe ukienda kwenu kwa likizo, kata tiketi mapema, mabasi ya Desemba yanajaa, na mvua ikikolea barabara za vijijini hazina dhamana. Nakala ya lile daftari la simu usiondoke nayo peke yako. Moja iache kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwa mwalimu anayebaki, kwa sababu majina ya kidato cha kwanza huenda yakatoka wewe uko ndani ya basi, umeshavuka Daraja la Mkapa kule Rufiji na chaji imekwisha.