Nafasi Nayo Hukosewa: Ushauri kwa Wanaoanza Kuunda Programu za Kusahihisha Tahajia

Wengi wanaoingia katika kazi hii hukata sentensi kila penye nafasi, kisha huchunguza neno moja moja; nami nilianza vivyo hivyo. Njia hiyo hukwama mapema, kwa kuwa anayeandika haraka hukosea nafasi kama anavyokosea herufi. Tazama "kil asiku". Kipande cha kwanza kinaweza kusahihishwa kuwa "kila", "kile" au "kilo", na cha pili kikapunguzwa kuwa "siku", ilhali hakuna herufi iliyopotea wala iliyozidi: nafasi ndiyo iliyowekwa mapema mno. Kwa hiyo programu na ijaribu kusahihisha kila kipande peke yake, kuviunganisha vipande jirani, na kuvigawa upya, ndipo ichague tokeo lenye mabadiliko machache na maneno yanayotumika zaidi.

Majaribio hayo yote yanadai kasi. Mwaka 1964 mtafiti wa kompyuta Damerau alionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa ya aina moja kati ya nne: herufi kuongezwa, kuachwa, kubadilishwa, au mbili jirani kupishana. Ukiyazalisha mabadiliko hayo yote kwa neno "kitabu" na alfabeti ya herufi 26, utapata 349 kabla ya kuondoa yanayojirudia, na ukiyabadilisha hayo tena kwa hatua ya pili idadi hufika maelfu mengi. Mbinu ya SymSpell, aliyoitoa Wolf Garbe mwaka 2012, hufuta tu: "kitabu" huzaa maumbo 6 kwa kufuta herufi moja na 15 kwa kufuta mbili. Maneno ya kamusi hufutwa herufi mapema na kuwekwa katika faharasa, na neno la mwandishi hufutwa vilevile wakati wa kutafuta. "Kitobu" ikipoteza "o" na "kitabu" ikipoteza "a", zote hukutana kwenye "kitbu". Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta, na mimi huilipa bila kusita.

Hata hivyo, kukutana si uthibitisho wa ukaribu. "Tena" na "enda" hukutana kwenye "ena" kwa kufutwa herufi moja kila moja, lakini umbali baina yao, yaani idadi ya mabadiliko ya kutoka neno moja hadi jingine, ni hatua 2: kufuta "t" na kuongeza "d". Hivyo usiache kupima umbali halisi wa kila pendekezo.

Matini isiyo na nafasi kabisa ina hesabu yake. Herufi 20 zilizoshikana zinaweza kugawanywa kwa njia 524,288, lakini huna haja ya kuzipitia zote: kwa kila mahali katika mfuatano, hifadhi mgawanyo bora uliofika hapo, uendelee kutokea huo.

Lililonichelewesha kuliko yote halikuwa algoriti. Nilikusanya orodha ya maneno kutoka matini ghafi ya intaneti bila kuichuja, na "kwasababu" ikaonekana mara nyingi hata programu yangu ikaiona kuwa neno halali. Tangu hapo kamusi iliyohaririwa ndiyo inayoamua neno lipi liingie, na matini ghafi hutoa idadi ya matumizi tu. Maumbo ya vitenzi, kama "hawatasoma" na "waliosoma", nayazalisha kwa kanuni, maana hakuna kamusi inayoyaorodhesha yote. Na katika kila jaribio hesabu ninayoitazama kwanza ni maneno mangapi yaliyokuwa sahihi yameharibiwa.