Kabla hujanyoosha mkono, uliza habari ya kipimo

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeitwa kwenye utafiti wa chanjo, niende?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maana mimi nilikwenda.

Mwaka 2007, Dar es Salaam, ulianza utafiti wa HIVIS wa kujaribu chanjo ya VVU kwa binadamu, hatua za awali kabisa. Tulikuwa 60, sote kutoka Jeshi la Polisi. Tulipewa dozi tatu za DNA, yaani vinasaba vya vipande vya VVU, kisha mwezi wa 9 na wa 21 ikaja ya kuchochea, MVA: kirusi cha chanjo ya ndui kilichodhoofishwa, kikabebeshwa vipande vya VVU. Vipande tu, haviwezi kumpa mtu UKIMWI. Wenzetu 20 walipewa dozi tupu, na hakuna aliyejua nani kapata nini. Nilijiona shujaa, sifichi. Mkono ukivimba nauonyesha kambini kama cheo.

Baadaye kanisa likataka mimi na mchumba tupime kabla ya ndoa. Tukaenda zahanati moja, siitaji. Mistari miwili, yaani nina VVU! Kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili, zile kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, si kirusi chenyewe, na mwili wangu ulishafundishwa kuzitengeneza. Nililijua hilo, nilielezwa siku ya kusaini ridhaa. Ila kadi ya utafiti niliiacha kambini, sandukuni, na mhudumu hakutaka kusikia. "Wote mnasema hivyohivyo," akanijibu, mchumba wangu kaketi palepale. Wiki mbili baadaye kipimo cha kutafuta kirusi kilinisafisha. Barua yangu ya posa ilikuwa imesharudishwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tembea na kadi. Fomu isome mpaka mwisho, usisaini kwa kumwonea daktari haya. Waulize: nikikutwa na mistari miwili, nani atanipima upya, na wapi? Mwenzako mweleze kabla ya dozi ya kwanza, si mlangoni mwa zahanati kama mimi. Nyie vijana mnauliza nauli tu, nauli, nauli! Nauli inaisha Kariakoo, kingamwili zinaweza kukaa miaka. Tembea na kadi.

Kama ningeitwa tena? Ningekwenda.

Mke wangu nilimwonyesha kadi siku ya pili tu ya kuzungumza naye. Aliisoma mbele na nyuma, akaniuliza kama sindano iliuma.